Mtakatifu Augustino: Mwalimu Aliyefunzwa na Wimbo



Wapendwa wanakwaya, na ninyi waumini wote mliokuja kutushangilia katika jubilei hii, kurasa nyingine za kijitabu hiki zinaeleza historia ya kwaya yetu na ratiba ya siku. Ukurasa huu tumeuweka kwa ajili ya mtakatifu mmoja ambaye ana mengi ya kutuambia sisi tunaoimba. Ni Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo na Mwalimu wa Kanisa, tunayemkumbuka kila tarehe 28 Agosti, siku moja baada ya kumkumbuka mama yake, Mtakatifu Monika.

Wengi wetu tunamjua kama kijana mpotevu aliyeombewa na mama kwa machozi mpaka akaongoka. Hiyo ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba Augustino alikuwa mwalimu maisha yake yote. Kwanza alifundisha kwa mshahara, halafu akafundisha kwa ajili ya Kristo, na namna Kanisa linavyofundisha dini hadi leo ina alama ya mkono wake. Naye aliamini kwamba wimbo nao hufundisha. Anayesimama kwenye kwaya ni mwalimu, hata kama hajawahi kushika chaki.

MWANA WA AFRIKA

Augustino alizaliwa tarehe 13 Novemba 354 mjini Thagaste, mji ambao leo unaitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Wakati huo Afrika ya Kaskazini ilikuwa chini ya Dola la Roma. Baba yake, Patricius, alikuwa na mali ya kadiri tu, na alibatizwa akiwa karibu na kufa. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo tangu utoto. Wazazi hao walijinyima ili mtoto wao asome, kwa kuwa elimu ndiyo iliyokuwa ngazi ya kupandia. Mzazi yeyote wa Kenya anaielewa hali hiyo bila kuelezwa.

Shuleni alichapwa sana. Mtoto huyo alikuwa akimwomba Mungu asichapwe, na watu wazima walicheka walipomwona na makovu. Kigiriki kilimshinda, maana kilifundishwa kwa vitisho na adhabu. Kilatini alikijua bila viboko, kwa kuwasikiliza walezi wake wakicheka na kucheza naye. Alipokuwa mtu mzima aliukumbuka utofauti huo na kuandika kwamba hamu ya mtoto mwenyewe hufundisha vizuri kuliko hofu. Wazo hilo alilipata kwanza mgongoni mwake, na baadaye likawa msingi wa mafundisho yake yote kuhusu kufundisha dini.

Alipokuwa na miaka 16 masomo yalikatika kwa sababu ya karo, akakaa nyumbani mwaka mzima akizurura na vijana wenzake. Ndipo tajiri wa mji wao, aliyeitwa Romanianus, alipomsaidia kwenda Carthage, jiji kubwa kuliko yote katika Afrika ya Kirumi. Huko alianza kuishi na mwanamke bila ndoa, wakapata mtoto wa kiume, Adeodatus, jina lenye maana ya aliyetolewa na Mungu. Akiwa na miaka 19 alisoma kitabu cha Cicero kilichomwasha moyo kutafuta hekima. Akafungua Biblia, akaifunga tena. Lugha yake aliiona ni ya chini mno kwa msomi kama yeye. Akajiunga na madhehebu ya Wamanikea, waliomwahidi ukweli kwa njia ya akili, akakaa nao kwa miaka tisa.

Kazi yake ilikuwa kufundisha balagha, yaani sanaa ya kusema kwa ufasaha. Carthage wanafunzi walikuwa na fujo, wakiingia darasani na kutoka walivyotaka. Mwaka 383 akahamia Roma akitafuta utulivu, akakuta wanafunzi watulivu wenye desturi ya kuhama kwa mwalimu mwingine siku ya kulipa karo ilipokaribia. Mwaka uliofuata alipata kazi ya heshima kubwa: mwalimu wa balagha mjini Milano, mahali palipokuwa na makao ya kaisari. Sehemu ya kazi hiyo ilikuwa kutunga hotuba za kumsifu kaisari, na mwenyewe alijua kwamba sifa nyingi alizozisema ni uongo, na kwamba wasikilizaji nao walijua. Alikuwa amefika kileleni, na alikuwa hana amani.

NYIMBO ZA MILANO

Askofu wa Milano alikuwa Mtakatifu Ambrosi, mhubiri hodari. Augustino alikwenda kanisani kumsikiliza kama fundi anayekwenda kutazama kazi ya fundi mwenzake: alitaka kujua askofu anasemaje, si anasema nini. Lakini maneno mazuri yalipoingia, ukweli nao uliingia pamoja nayo, polepole. Biblia aliyokuwa ameidharau ikaanza kumfungukia.

Mwaka 386 kulitokea jambo kubwa mjini humo. Justina, mama wa kaisari kijana Valentinian II, alitaka kanisa moja litolewe kwa Waariani, waliokana kwamba Kristo ni Mungu sawa na Baba. Ambrosi alikataa. Waumini walijaza kanisa na kukesha humo, tayari kufa pamoja na askofu wao, huku askari wakiwa nje. Monika alikuwa miongoni mwa waliokesha. Ili watu wasivunjike moyo, ilianzishwa desturi ya Makanisa ya Mashariki ya kuimba tenzi na zaburi watu wote pamoja. Hatari ilipita, lakini kuimba hakukukoma. Desturi hiyo ilibaki Milano na kuenea katika makanisa mengi.

Ambrosi mwenyewe alikuwa mtunzi. Tenzi zake zilikuwa na beti za mistari minne, kila mstari mizani nane. Aliyesoma ushairi wa Kiswahili shuleni ataona mara moja kwamba huo ndio umbo la utenzi wetu: vipande vinne, mizani nane nane. Ni umbo jepesi kukaa kichwani. Mtu asiyejua kusoma angeweza kuimba imani yote kuhusu Utatu Mtakatifu akiwa njiani kwenda sokoni.

Katika siku hizo za mkesha Augustino alikuwa mjini, lakini moyo wake ulikuwa bado baridi. Ulipofika mwezi wa Agosti mwaka huohuo, alikuwa bustanini akilia kwa kushindwa kuacha maisha yake ya zamani. Kutoka nyumba ya jirani akasikia sauti ya mtoto ikirudiarudia kama wimbo, ikihimiza kuchukua na kusoma. Hakuweza kujua kama ni mvulana au msichana, wala hakukumbuka mchezo wowote wa watoto wenye maneno hayo. Akaufungua Waraka kwa Warumi, akasoma mahali palipokutana na macho yake, na mashaka yakaondoka. Msomi aliyeshinda mabishano ya wakubwa alivutwa dakika ya mwisho na mtoto aliyekuwa akiimba.

Aliacha kazi yake. Katika mkesha wa Pasaka wa mwaka 387 alibatizwa na Ambrosi, pamoja na mwanawe Adeodatus na rafiki yake Alypius. Siku zilizofuata alilia sana kanisani kwa ajili ya nyimbo zilizoimbwa. Ameeleza kwamba sauti zilipita masikioni, ukweli ukachuruzika hadi moyoni, na machozi yakamfanyia mema.

Mwaka huohuo, wakiwa njiani kurudi Afrika, Monika alifariki katika bandari ya Ostia. Alikuwa na miaka 56. Augustino alijikaza mazishini asitoe chozi. Baadaye, baada ya kulala kidogo na kuamka, akiwa peke yake kitandani, alikumbuka beti za utenzi wa jioni wa Ambrosi. Hapo ndipo machozi aliyokuwa ameyazuia yalipofunguka, akamlilia mama yake.

MWALIMU WA NDANI

Aliporudi Thagaste mwaka 388, aliishi na marafiki maisha ya sala na masomo. Wakati huo aliandika kitabu cha mazungumzo kati yake na Adeodatus, kinachoitwa Kuhusu Mwalimu. Baba na mwana wanajiuliza: je, maneno yanaweza kumfundisha mtu kitu? Jibu wanalofikia ni la kushangaza kwa mtu aliyekula kwa kuuza maneno. Maneno ya mwalimu ni kama kidole kinachoonyesha. Anayemfanya mwanafunzi aone ni Kristo, Mwalimu aliye ndani ya kila mtu. Kwa hiyo mwalimu wa dini asidhani kwamba anamimina imani ndani ya mtu kama maji kwenye mtungi.

Augustino ameshuhudia kwamba mawazo aliyoyaweka kinywani mwa Adeodatus yalikuwa kweli ya kijana huyo, aliyekuwa na miaka 16. Muda mfupi baadaye Adeodatus alifariki. Baba yake hakuandika mengi kuhusu msiba huo. Kitabu chenyewe kimebaki kuwa kumbukumbu yake.

Mwaka 391 Augustino alifika Hippo, mji wa bandari ambao leo unaitwa Annaba. Askofu wake, Valerius, alikuwa Mgiriki mzee ambaye Kilatini kilimsumbua, na alikuwa akiwaambia watu kwamba anahitaji padre. Watu walimwona Augustino kati yao, wakamkamata, wakampeleka mbele ili apewe daraja. Alilia. Wengine walidhani analia kwa kutopewa uaskofu moja kwa moja, kumbe alikuwa akiogopa mzigo. Valerius alimruhusu kuhubiri mbele yake, jambo ambalo halikuwa desturi kwa mapadre wa Afrika. Kufikia mwaka 396 alikuwa askofu, na akabaki Hippo hadi kufa.

WIMBO WA KUFUNDISHIA WASIOSOMA

Kanisa la Afrika lilikuwa limegawanyika. Tangu mateso ya Kaisari Diocletian mwanzoni mwa karne ya 4, kundi la Wadonato lilidai kwamba sakramenti zinazotolewa na wahudumu waliokosa uaminifu hazina nguvu, na kwamba wao tu ndio Kanisa safi. Katika miji mingi kulikuwa na maaskofu wawili, altare mbili, na familia zilizogawanyika katikati.

Augustino aliandika vitabu vizito juu ya jambo hilo, lakini alijua kwamba mkulima wa Hippo hatavisoma. Basi karibu na mwaka 393, akiwa bado padre, alitunga wimbo. Beti zake zilifuata alfabeti, kila ubeti ukianza na herufi inayofuata, ili mtu asipotee. Kila mstari uliishia kwa sauti moja, kama utenzi wetu unavyofunga beti zote kwa kina kimoja. Kulikuwa na kiitikio kwa ajili ya watu wote. Hakufuata kanuni za ushairi wa wasomi, kwa sababu kanuni hizo zingemlazimisha kutumia maneno ambayo watu wa kawaida hawayatumii. Alitaka hata mtu wa chini kabisa, asiye na elimu yoyote, aielewe habari nzima na kuishika kichwani.

Tuangalie alichoacha. Huyu ndiye mtu aliyeifunga Biblia kwa sababu lugha yake haikuwa ya kisomi. Sasa anaandika kwa makusudi mashairi ambayo wasomi wenzake wangeyacheka, ili mama wa sokoni apate kuimba.

Haifai kuficha kwamba wimbo huo ulikuwa pia silaha katika ugomvi. Ugomvi wenyewe uliendelea kuwa mkali. Mwanzoni Augustino alitaka Wadonato warudi kwa majadiliano tu, lakini miaka ilivyopita alikubali serikali itumie sheria na adhabu kuwarudisha. Mtu aliyejua kwamba viboko havimfundishi mtoto Kigiriki alikubali shinikizo lirudishe watu kanisani. Karne nyingi baadaye wengine walitumia maandiko yake kuhalalisha mambo mabaya zaidi. Watakatifu wetu walikuwa watu, na tunajifunza pia pale walipojikwaa.

BARUA KWA SHEMASI ALIYECHOKA

Karibu na mwaka 400 shemasi mmoja wa Carthage, Deogratias, alimwandikia Augustino. Watu waliotaka kuwa Wakristo walikuwa wakiletwa kwake wapate mafundisho ya kwanza, maana alisifika kwa kujua imani na kwa utamu wa maneno. Lakini yeye mwenyewe aliona anashindwa. Maongezi yake yalikuwa marefu, baridi, yakimchosha hata yeye, licha ya anayesikiliza. Aliomba ashauriwe aanzie wapi, aishie wapi, na afanyeje asichoke.

Augustino alimjibu kwa kitabu kizima, na hicho ndicho kitabu chake kilichogusa zaidi ufundishaji wa dini. Anaanza kwa kumfariji. Anakiri kwamba hata yeye karibu kila mara haridhiki na anavyosema. Akili huona jambo mara moja kama umeme, lakini ulimi hutembea polepole nyuma yake. Hata hivyo, watu wanapozidi kuletwa kwa Deogratias, ni ishara kwamba wao hawamwoni kama anavyojiona.

Kisha anaeleza mafundisho yenyewe. Mwalimu asimwage orodha ya amri na makatazo. Asimulie habari ya wokovu tangu uumbaji hadi siku za Kanisa la leo. Asipitie kila kitu, bali achague matukio makubwa, akae hapo, na kuyafungua kama mtu anayekunjua kitambaa ili watu wakitazame na kukistaajabia. Mengine ayapitie haraka. Na uzi unaoshona habari yote ni upendo wa Mungu aliyetupenda kwanza. Kila kinachosemwa kilenge kumfikisha msikilizaji kwenye imani, matumaini na mapendo.

Anamtaka pia mwalimu amjue mwanafunzi. Msomi aliyekwisha kusoma vitabu asifundishwe kama mtoto. Waliosomea balagha waonywe wasimcheke padre au askofu anayekosea sarufi katika sala, kwa kuwa Mungu husikiliza moyo. Msikilizaji akionekana mzito, mwalimu asimlaumu. Amuulize taratibu kama ameelewa, au kama anaogopa. Amchangamshe kwa neno la furaha au la kushangaza. Na kama amesimama muda mrefu, ampe kiti! Desturi ya Afrika ilikuwa watu kusimama huku askofu ameketi, lakini Augustino alikuwa ameona makanisa ya ng'ambo ambako watu huketi, akaona ni vyema.

Sehemu kubwa ya kitabu inahusu uchovu wa mwalimu mwenyewe. Anataja sababu sita. Ulimi haufikii yale ambayo akili inayaona. Tunaogopa kukosea mbele za watu. Tumechoka kurudia mambo yaleyale ya mwanzo. Msikilizaji haonyeshi kuguswa. Tumeitwa tukiwa katikati ya kazi nyingine. Au tuna huzuni moyoni, kwa kosa letu au kwa kashfa iliyotuumiza. Nani kati ya makatekista wetu hajawahi kuwa na mojawapo ya hizo? Nani kati ya wanakwaya hajawahi kufika mazoezini jioni akiwa nazo zote sita?

Kwa kila sababu anatoa dawa, na dawa zote zina mzizi mmoja: mpende unayemfundisha. Kuhusu kurudia yaleyale anatoa mfano wa mgeni anayekuja mjini kwetu. Sisi tunapita kila siku mbele ya mahali pazuri bila kupatazama. Lakini tunapomwonyesha rafiki anayepaona kwa mara ya kwanza, furaha yake inatuingia na sisi tunapaona upya. Kadiri urafiki ulivyo mkubwa, ndivyo jambo la zamani linavyokuwa jipya. Kwa Augustino, furaha ya mwalimu ni sehemu ya somo lenyewe. Ikikosekana, maneno sahihi hayatoshi.

Katika kitabu kingine, kuhusu Mafundisho ya Kikristo, alieleza namna ya kuhubiri, akasimulia jambo lililomtokea mjini Caesarea ya Mauretania. Watu wa huko walikuwa na desturi ya kila mwaka ya kugawanyika makundi na kupigana kwa mawe siku kadhaa, ndugu na ndugu, baba na wana, hadi kuuana. Augustino aliwahubiria waiache. Watu walipopiga makofi, alijua wamefurahishwa tu. Walipoanza kulia, ndipo alipojua wameguswa, akamaliza kwa kumshukuru Mungu. Alipokuwa akiandika habari hiyo, miaka minane au zaidi ilikuwa imepita bila vita hivyo kurudi.

HOFU YA SAUTI TAMU

Wanakwaya hupenda kumtaja Augustino kwa msemo usemao kwamba kuimba ni kusali mara mbili. Kwa maneno hayo hasa, msemo huo haumo katika vitabu vyake. Alichoandika, akifafanua zaburi, ni kwamba anayeimba sifa hasifu tu, bali husifu kwa furaha, na kwamba aimbaye kwa ajili ya Mungu humpenda Mungu anayemwimbia.

Yeye mwenyewe alikuwa na wasiwasi na muziki, na sababu yake ni kwamba aliupenda mno. Katika Maungamo, kitabu alichoandika kufikia miaka ya 400, anasema kuna nyakati alijikuta ameguswa na sauti kuliko maneno yanayoimbwa, na hapo alijihesabu mwenye kosa. Mara nyingine alitamani nyimbo zote ziondolewe kanisani, akikumbuka habari za Mtakatifu Athanasi wa Alexandria aliyemwagiza msomaji wa zaburi asome kwa mbinu ndogo sana ya sauti, karibu kama kusema. Kisha alikumbuka machozi yake ya Milano, na jinsi wimbo ulivyomsaidia alipokuwa mchanga katika imani. Akakubali kuimba kubaki, ili moyo dhaifu upandishwe kwa Mungu kupitia masikio.

Hapa Augustino anatugusa wenyewe. Ala zinapofunika maneno, au sauti nne zinapopangwa kwa ustadi hadi mkutano unanyamaza na kututazama, tumewafurahisha watu kama makofi ya Caesarea. Wamejifunza nini? Mtoto aliyeketi benchi ya mbele ataondoka na mistari miwili ya kiitikio kichwani, na pengine hiyo ndiyo katekesi pekee atakayoibeba wiki nzima.

URITHI WAKE

Mwaka 430 Wavandali walivuka Afrika ya Kaskazini na kuuzingira mji wa Hippo. Augustino, mzee wa miaka 75, aliugua homa katika mwezi wa tatu wa kuzingirwa. Aliomba zaburi za toba za Daudi ziandikwe na kubandikwa ukutani karibu na kitanda, akazisoma huku akilia. Kwa siku kumi hivi hakutaka watu waingie, isipokuwa waganga au walioleta chakula. Alifariki tarehe 28 Agosti. Rafiki yake, Askofu Possidius, ameandika kwamba hakuacha wosia, kwa kuwa hakuwa na kitu cha kurithisha. Aliacha maktaba ya kanisa, akaagiza vitabu vitunzwe.

Kutoka kwenye vitabu hivyo Kanisa limeendelea kuchota. Katika uzee wake alikuwa ameandika muhtasari wa dini uliopangwa kwa imani, matumaini na mapendo, akiegemea Kanuni ya Imani na Sala ya Baba Yetu. Mpango huo ulifuatwa na Mtakatifu Tomaso wa Akwino, na pia na Mtakatifu Petro Kanisio katika katekisimu yake ya mwaka 1555. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati ya Dei Verbum mwaka 1965, kuhusu Ufunuo wa Mungu, uliifungua kwa wazo lililochukuliwa katika kile kitabu kwa Deogratias. Shemasi aliyelalamika kwamba anachosha watu aliwapatia maaskofu wa dunia nzima maneno ya kuanzia.

Urithi wake unafika hata kwetu Afrika Mashariki kwa njia nyingine. Mwaka 1868 Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, katika nchi ileile aliyozaliwa Augustino, alianzisha Shirika la Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana kama Mapadre Weupe. Hakutaka wabatize watu haraka haraka. Aliwarudisha kwenye desturi ya Kanisa la kale, ile aliyoijua Augustino na Deogratias, ya kumfundisha mtu kwa hatua: miaka minne kabla ya ubatizo. Wamisionari hao walifika Buganda mwaka 1879, na kati ya Mashahidi wa Uganda wamo waliofundishwa nao. Leo pia, mtu mzima anapoandikishwa kuwa mkatekumeni katika parokia zetu na kungoja mkesha wa Pasaka, anapita njia aliyoipita Augustino mwenyewe.

Na mwezi Mei 2025 Kanisa lilipata Papa Leo XIV, mtawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino.

Wapendwa wanakwaya, jubilei ni siku ya kushukuru kwa nyimbo zilizokwisha kuimbwa. Jumatatu mazoezi yanaendelea. Kutakuwa na wimbo ambao mmeuimba mara mia, na mtu mmoja kanisani ambaye atausikia kwa mara ya kwanza. Mwimbieni huyo.

Mtakatifu Augustino, utuombee.
Mtakatifu Monika, utuombee.